Hewa ya Pwani

1

Barometa mpya ilifika Jumanne asubuhi, ndani ya sanduku la mbao lililogongwa mihuri ya forodha za nchi tatu, na Tupokigwe Mwasomola aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Alikuwa ameisubiri wiki kumi na moja. Tangu tetemeko lile lililoipasua ya zamani na kuangusha rafu zote za chumba cha mwale wa tiba hospitalini, alikuwa akiandika barua za kukumbushia, na kila barua ilijibiwa kwa upole mwingi na bila barometa.

Aliitundika mahali pake ukutani, akaunganisha waya, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Kioo kikawaka. Kikasoma 828.

"Mbovu," alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake. Aliizima, akaiwasha. 828. Aliigonga kwa ukucha. 828. Safari yote ile ya meli na malori, halafu kitu kinafika kimekufa!

Simu ya mezani ikalia. Hakuhitaji kutazama saa. Ilikuwa saa moja kamili, na aliyepiga alikuwa Mzee Ambokile wa kituo cha hali ya hewa, pale uwanja mdogo wa ndege ng'ambo ya bonde. Tangu barometa ya hospitali ivunjike, mzee huyo ndiye aliyekuwa akimsomea Tupokigwe mgandamizo wa hewa kila asubuhi. Hakuna aliyemwagiza. Aliombwa mara moja, akakubali, akaifanya ibada.

"Ugonile, mwanangu?"

"Ndaga, tata. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo 'ndaga' yako ya Kinyakyusa bado inanuka Dar es Salaam, lakini tutaisugua mpaka itakate. Umeamkaje? Baridi haijakuua?"

"Bado, mzee. Na figo zako?"

"Figo!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Jana nimekunywa chai vikombe vinne, kwa raha zangu, mbele za watu. Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa kuringa. Kila nikitoka chooni nampa taarifa. Haya, shika kalamu. Elfu moja na kumi na tano."

Tupokigwe aliandika 1015 kwenye daftari, chini ya 1016 ya jana na 1014 ya juzi. Kisha akainua macho, na barometa ilikuwa bado inamtazama na 828 yake.

"Mzee, samahani," alisema. "Hii namba unaisoma moja kwa moja kwenye kifaa?"

"Moja kwa moja?" Mzee Ambokile alionekana kuumia kidogo. "Nikupe ghafi, mwanangu? Wewe mtu wa hospitali? Ghafi naiandika kwenye daftari langu huku. Halafu naisafisha, naiteremsha mpaka usawa wa bahari, kama tunavyowapa marubani. Ndipo nakupigia. Hata zile siku nilizokuwa naumwa, kabla hamjaniamsha, mkono unatetemeka, niliisafisha kwanza. Kwa nini? Kuna kitu?"

"Hakuna kitu, tata," alisema Tupokigwe. "Nilitaka tu kujua. Asante sana."

Alirudisha simu mahali pake taratibu.

Mwale hupimwa hivi. Kuna kijichumba kidogo, hakizidi punje ya karanga, ambacho ndani yake hakuna kitu ila hewa. Mwale ukipita hung'oa chaji kutoka kwenye hewa hiyo, na mashine huzihesabu. Chaji nyingi, mwale mkali. Chaji chache, mwale dhaifu. Lakini hewa ya milimani ni nyepesi, na kijichumba kilekile kikipandishwa huku juu hukamata chaji pungufu hata kama mwale ni uleule. Kazi ya barometa ni kuiambia hesabu hewa ni nyepesi kiasi gani, nayo hesabu ifidie. Kwa wiki kumi na moja hesabu ya Tupokigwe ilikuwa ikiambiwa kwamba hewa ya chumba kile cha mlimani ni nzito kama ya pwani ya Kigamboni. Ikaamini. Ikasema mwale umedhoofika kwa karibu moja ya tano. Na kwa kuwa ardhi ilikuwa imetikisika siku mbili tu kabla, hakuna aliyeshangaa. Mafundi walisema sumaku zimesogea. Wakaongeza nguvu ya mtambo mpaka namba zikakaa sawa, wakapeana mikono, wakaenda kula.

Barometa ya zamani ilikuwa ikizungumza na mtambo wenyewe kwa waya, haikumwonyesha mtu namba zake. Na Tupokigwe, aliyehamia huku miezi mitano tu iliyopita, alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam miaka kumi, ambako kila asubuhi ya miaka hiyo aliandika elfu moja na kumi na kitu. Mzee alipomsomea namba ya kwanza, jicho lake liliipokea kama jirani. Sasa, akiwa ameketi sakafuni na mgongo ukutani, alikumbuka kwamba siku ile alifurahi hata. Alijisikia yuko nyumbani.

Alichukua orodha ya waliopigwa mwale tangu tetemeko. Walikuwa sitini na mmoja. Wa mwisho alipigwa jana mchana. Wa ishirini na saba alikuwa Ambokile Mwakabuta, miaka hamsini na tisa, mtumishi wa hali ya hewa, ambaye zamu yake ilikuwa ifike mwakani. Tupokigwe ndiye aliyemwombea asogezwe mbele, kumshukuru kwa zile simu.

2

Dk. Anyambilile Kasyupa, mkurugenzi wa taasisi, hakumkatiza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga faili alilokuwa akilisoma, akasema, "Njoo huku."

Alimpeleka mwisho wa korido, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa cha kusafishia damu. Sasa kilikuwa stoo ya mashuka. Katika kona ilibaki mashine moja ya enzi zile, mirija yake imekatwa, na wafagizi waliifanya kiango cha matambara yao. Daktari aliyaondoa matambara moja moja, akayakunja, kana kwamba mashine ingeona aibu.

"Hapa nilifanya kazi miaka tisa," alisema. "Wagonjwa walikuja mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na bado walikufa. Maji nusu lita kwa siku, basi. Nilimkuta mzee mzima analamba umande kwenye kioo cha dirisha lile. Mwamsho, tiba hii ya mwale, ulipokuja tulizitoa mashine zote pale uwanjani, tukazivunja kwa nyundo, ngoma ikapigwa. Mimi mwenyewe nilipiga nyundo, Tupo. Nilipiga mpaka nikatoka malengelenge."

"Zimebaki ngapi nchini?"

"Zinazofanya kazi? Hakuna. Viwanda vilivyozitengeneza vilifungwa. Nani anunue mashine ya kumfunga mtu kitandani maisha yake yote wakati mwale wa dakika nne unaamsha figo zikafanya kazi kama za kijana?"

"Kuwapandikizia figo za ndugu zao?"

"Unajua jibu. Mwili uliopigwa Mwamsho hukataa figo ya mgeni ndani ya wiki moja."

"Kuwapiga tena, kwa kipimo sahihi."

"Figo huamshwa mara moja."

Tupokigwe alijua. Aliuliza kwa sababu alitaka mtu mwingine ayatamke. Kila mwanafunzi wa fizikia tiba alisomeshwa habari za watu watatu wa majaribio ya mwanzo, waliozidishiwa moja ya tano kwa sababu hakuna aliyejua mpaka uko wapi. Figo zao ziliamka vizuri kuliko za wote. Walikunywa, walikojoa, walinenepa, walipigwa picha. Kisha mmoja mwezi wa ishirini na tisa, mmoja wa thelathini, mmoja wa thelathini na moja, figo zikaganda ngumu kama saruji, na hakuna kilichozilainisha. Hadi leo hakuna. Wakati ule angalau mashine za kusafisha damu zilikuwapo, zikawasogeza miaka miwili mitatu.

"Rekebisha mtambo leo," alisema daktari. "Barometa umeshapata. Ijumaa tunaendelea. Kuna watu mia nne kwenye foleni, na wengine hawafiki Krismasi."

"Na hawa sitini na mmoja?"

"Waache."

"Daktari."

"Nisikilize. Wana miezi ishirini na saba, wengine thelathini. Watakunywa maji. Watalima, watalala na wake zao, watacheka. Ukiwaambia, unawapa nini? Nipe kitu kimoja cha kuwapa, Tupo, kimoja tu, hata kidonge cha chokaa, na mimi nitasimama kando yako nitangaze mwenyewe."

"Ni maisha yao. Wana haki ya kujua."

"Haki ya kuhesabu siku." Macho yake yalikuwa mekundu. "Unafikiri naogopea kiti changu?"

"Sijui, daktari."

"Naogopa, ndiyo. Sitakudanganya. Wakijua hawa, watajua mia nne wa kwenye foleni, na wapo watakaokimbia mwale wakafie majumbani. Hilo naliogopa zaidi. Lakini hata kama nisingeogopa chochote, ningekuuliza lilelile. Unawapa nini?"

Tupokigwe alimchukia kwa swali lile. Alimwambia atarekebisha mtambo. Hakumwahidi jingine. Keshokutwa ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo walioamshwa wote hurudi kupimwa, kila mmoja na chupa yake ya maji, na hukaa uani wakinywa na kutambiana nani amekunywa zaidi. Wote sitini na mmoja wangekuwa pale, wawili watatu hata wakiwa bado wodini.

3

Jumatano asubuhi alimkuta Sekela Mwambungu ameketi kwenye benchi nje ya ofisi yake, mkoba magotini, wima kama yuko kanisani. Sekela alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na alikuwa wa tisa kwenye orodha. Kabla ya Mwamsho uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Sasa alikuwa mwanamke mrembo wa miaka thelathini na mitatu, na alijua.

"Nimekuja siku moja kabla, dada, maana kesho patakuwa na fujo," alisema. "Nataka cheti cha kipimo. Kile cha ruhusa ya kubeba mimba."

"Mbona mapema, mwalimu? Masharti si miezi kumi na minane?"

"Najua. Lakini mimi nikipanga kitu napenda karatasi zake ziwe kabatini." Alitabasamu, akaanza kuhesabu kwa vidole, kama anavyowafundisha watoto. "Miezi kumi na minane nasubiri. Tisa nabeba. Mwezi wa ishirini na saba najifungua, Mungu akipenda. Nikimnyonyesha miaka miwili atakuwa ameshapata nguvu. Nilipougua niligawa nguo zote za mtoto, maana nilishajikatia tamaa. Juzi nimemwandikia dada yangu anirudishie zile za sufu. Huku baridi."

Alitoa fomu. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: *Nathibitisha kwamba mhusika alipokea kipimo kilichokusudiwa.* Chini yake pana nafasi ya sahihi ya mwanafizikia na muhuri.

Tupokigwe alishika kalamu. Aliisogeza mpaka ncha ikagusa karatasi, ikaacha nukta ndogo. Alijiambia kwamba ni maneno sita tu. Akajiambia pia kwamba kuna mtoto, ambaye bado hajawa mtu, atakayejifunza kuinua kichwa wakati mama yake anavimba.

"Muhuri umeisha wino," alisema.

Muhuri ulikuwa pale mezani, juu ya kitambaa chake, umelowa wino wa bluu. Sekela aliutazama. Kisha akamtazama Tupokigwe, muda mrefu, kama mwalimu anavyomtazama mtoto anayesema daftari limeliwa na mbuzi. Tabasamu lilifutika polepole.

"Basi nitakuja kesho," alisema kwa sauti ndogo, akaichukua fomu yake.

Tupokigwe alifunga mlango, akalia kwa dakika chache, bila kujizuia. Alipomaliza alinawa uso na alikuwa ameamua. Kesho angesimama uani awaambie wote. Hakuwa na cha kuwapa, hilo daktari alisema kweli, lakini hakuweza kuwaachia wajenge juu ya nukta aliyoiacha kwenye karatasi.

Mmoja tu ndiye aliyetaka asikie kabla ya wengine, na kwa huyo mmoja alikuwa ameandaa uongo.

4

Kituo cha hali ya hewa kilikuwa chumba kimoja cha matofali kando ya njia ya ndege, na uani kwake vifaa vimesimama ndani ya vibanda vyeupe. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mzee Ambokile alimpokea kwa furaha ya mtu asiyetembelewa, akampangusia kiti, akamimina maji kutoka kwenye jagi kubwa la plastiki, glasi mbili.

"Kunywa, mwanangu. Mimi siku hizi nakunywa hata kama sina kiu. Miaka minne nilikuwa naota maji. Sasa nikiamka naliangalia jagi kwanza, ndipo namwangalia mke wangu."

Alimwonyesha madaftari yake, miaka thelathini na minne, kila baada ya saa tatu namba mpya, hakuna ukurasa uliochafuka. Alikumbuka siku aliyokojoa mara ya kwanza baada ya mwale, jinsi wodi nzima ilivyopiga vigelegele, maana ndiyo desturi ya taasisi: mgonjwa akipata mkojo wa kwanza, wanawake wa wodini hushangilia kana kwamba bibi harusi ametoka. "Miaka yote hii," alisema, "sikuwahi kushangiliwa kwa jambo lolote. Nikaja kushangiliwa kwa hilo!"

Tupokigwe alingoja acheke amalize. Kisha akamwambia. Alimwambia mtambo ulikuwa umezidisha, kwamba ni wote waliopigwa tangu tetemeko, kwamba figo zitafanya kazi vizuri na halafu zitaganda, na akataja mwezi. Akasema hakuna tiba. Alisema haraka, akiangalia glasi yake, kwa kuwa angesimama asingeweza kuendelea.

Mzee Ambokile hakupiga kelele. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Sababu ni nini?"

"Tetemeko, tata. Lilisogeza sumaku. Hatukugundua."

"Eeh." Alitikisa kichwa taratibu. "Tetemeko. Mungu naye." Kisha akauliza, kwa sababu alikuwa mtu wa vipimo na mtu wa vipimo huuliza hivyo hata kwenye msiba, "Lilizidisha kiasi gani?"

Angeweza kusema kidogo. Angeweza kusema bado tunachunguza. Uongo wa tetemeko alikuwa ameufanyia mazoezi njia nzima, lakini hili hakulifikiria, na tangu utotoni namba ndicho kitu pekee ambacho Tupokigwe hakuwahi kukidanganyia. Mdomo wake ulijibu wenyewe.

"Moja nukta mbili mbili."

Mzee aliweka glasi mezani. Juu ya meza yake, ukutani, palikuwa na kadi iliyofifia ya mtumishi aliyemtangulia: *Kwa makadirio ya haraka, ghafi mara 1.22, unapata usawa wa bahari.* Tupokigwe aliiona wakati huohuo. Mzee hakugeuka kuitazama. Alikuwa ameishi chini ya kadi ile miaka thelathini na minne.

"Tetemeko lenye akili hilo," alisema. "Limetikisa mlima mzima, halafu likapiga moja nukta mbili mbili."

"Tata..."

"Barometa yenu mpya imefika, sivyo? Jana uliniuliza swali ambalo hujawahi kuniuliza."

Tupokigwe alitikisa kichwa kukubali.

"Wangapi?"

"Sitini na mmoja."

"Pamoja nami?"

"Pamoja nawe."

Mzee alilivuta daftari lake, akaweka kidole juu ya namba ghafi ya asubuhi ile. "Nilikuwa naisafisha," alisema. "Siku nyingine naona giza, nashika meza, naisafisha. Nilisema asije akafikiri wazee wa hali ya hewa ni watu wa kutoa kitu ovyo ovyo. Kumbe ile ovyo ndiyo mliyokuwa mnaitaka."

"Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Hiyo ni kazi yangu, si yako. Mimi ndiye niliyesomea, niliyeandika namba ya pwani mlimani na sikushtuka. Kalamu ilikuwa yangu."

"Ungeniuliza ningekujibu."

"Najua, tata."

"Ningekujibu siku ya kwanza." Sasa alilia, bila sauti, machozi yakishuka moja kwa moja. "Ungeniuliza tu, mwanangu."

Tupokigwe alitamani amshike mkono na hakuthubutu, kwa kuwa hakujua kama mkono wake bado unakaribishwa pale. Mwishowe mzee alijifuta kwa kiganja.

"Kesho utawaambia ni nani aliyetoa namba?"

"Nitasema ni mimi."

"Sikuulizi hilo ili unifiche." Alifikiri. "Nitakuja. Nitakaa mbele, wanione. Wakitaka kuuliza, niko pale."

"Si lazima. Nikupeleke nyumbani?"

"Zamu yangu inaisha saa kumi na mbili. Kuna ndege ya dawa inatua saa kumi."

Alipokuwa anatoka, redio ya kituo ilikoroma na rubani akaomba hali ya hewa. Tupokigwe alisimama mlangoni akasikiliza. Mzee Ambokile alisoma upepo, akasoma mawingu, akasoma mgandamizo, elfu moja na kumi na tatu, kwa sauti iliyotulia kabisa. Huko angani ile ndiyo namba sahihi. Ndege ilitua salama.

5

Alhamisi ilikucha na jua. Saa moja kasorobo walianza kuingia uani, wale wanaotoka mbali, na chupa zao. Kutoka dirishani Tupokigwe aliona kitambaa cha njano cha Sekela kwenye benchi la mbele. Hakuwa na chupa. Alikuwa ameshika fomu yake tu.

Dk. Kasyupa alipita koridoni, akasimama mlangoni pake. Hakuuliza kitu. Aliangalia karatasi aliyoiandika Tupokigwe, iliyokuwa juu ya meza, akaisoma kichwa chini bila kuigusa.

"Sitakuzuia," alisema. "Wala sitasimama nawe." Akaenda zake.

Saa moja kamili simu ililia.

Tupokigwe aliiacha ilie mara tatu. Barometa ilikuwa ukutani, imeunganishwa, inafanya kazi. Hakukuwa tena na haja ya simu ile. Aliinua mkono wa simu.

"Ugonile, mwanangu?" Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hakulala.

"Ndaga, tata. Shikamoo."

"Marahaba."

Safari hii hakumtania kuhusu 'ndaga' yake. Alisikika akitafuta miwani, au akijifanya anaitafuta. Ndipo vigelegele vikalipuka kutoka wodini, wanawake sita saba kwa pamoja, vikapita koridoni, vikaingia ofisini, vikaingia hadi kwenye simu. Uani watu waligeuka, wakacheka, wakaanza kupiga makofi. Mtu alipaza sauti, "Amekojoaaa!"

"Ni nani huyo?" aliuliza Mzee Ambokile.

"Wa Jumatatu," alisema Tupokigwe. "Wa sitini na moja."

Vigelegele viliendelea, vikafifia, vikaanza upya, kwa maana kulikuwa na mtu mmoja wodini ambaye hakutaka viishe.

"Basi tungoje amalize kushangiliwa," alisema mzee. "Kisha nikusomee, ndipo nije huko uani."

Walingoja, yeye ng'ambo ya bonde na Tupokigwe huku. Wodi ilipotulia mzee alisafisha koo.

"Shika kalamu. Mia nane ishirini na tisa. Ghafi."

Tupokigwe aliandika 829 chini ya zile elfu moja na kitu zote, akachukua karatasi yake, akatoka kwenda uani.